Reli Mbele ya Gari la Shefu

Pale ambapo barabara ya kwenda kwetu inakata reli, kila mtu wa Kamina hupita tu. Baiskeli za makaa zinapita, pikipiki zinapita, mbuzi wanapita. Treni siku hizi ni mgeni. Inakuja inapotaka, na kabla haijafika mji mzima umeshaisikia. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa akisimama. Alisimamisha gari kabla ya reli, akazima mota, akashuka, akainama na kuweka kiganja juu ya chuma kama mama anayepima homa ya mtoto. Akatazama upande wa Luena, akatazama upande wa pili, akarudi, akawasha, akapita polepole. Nyuma yake pikipiki zilipiga honi mpaka masikio yakauma, na yeye hakugeuza hata shingo. Tulimwita Shefu wa Gare, yaani mkuu wa stesheni, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya mpaka akastaafu. Hata mke wake wa ndoa alimwita Shefu.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani, wanaotaka hayo wakaulize kwao. Mimi nilimjua kwa kupakana ua. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko barazani, kwa hiyo miaka yote hiyo nilimwona akitoka, nilimwona akirudi, na nilisikia kila alilolisema kwa sauti. Kisha binti yangu Ngoie akaolewa na Banza, mtoto wake wa mwisho, tukawa watu wa nyumba moja. Lakini ua haukutobolewa. Shefu hakutaka mtu apite mahali pasipo mlango, na mjukuu wetu akitaka kuja kwangu kula bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ilibidi azunguke barabarani kama mgeni.

Mjukuu huyo Shefu alimwita Koli, yaani kifurushi cha kupakia kwenye treni. Sisi wengine tulikuwa abiria. "Abiria, mumelala vizuri?" ndivyo alivyosalimia asubuhi. Na ukimweleza mpango wowote, hata wa kufuga bata, alikusikiliza mpaka mwisho halafu akakuuliza: ukikwama, utatokea wapi? Swali hilo lilinichosha. Siku ya kupokea wageni wa ndoa ya Ngoie, watu wamekaa kwa heshima, yeye akainuka katikati ya hotuba, akachungulia chini ya benchi, akawahamisha wajomba zangu wawili kwa sababu mguu mmoja wa benchi ulikuwa na ufa. Wajomba walikasirika. Benchi halikuvunjika, na mpaka leo hatujui kama lingevunjika.

Kanisani alikaa karibu na mlango. Nyumbani mlango wa jikoni ulifunguka kwa nje, aliugeuza mwenyewe, ili moto ukiwaka watu wasisongamane. Alikuwa mtu wa kuogopa kwa niaba ya wengine, na nilimpenda kwa hilo, ingawa mbele yake sikusema.

Sasa mtu huyuhuyu, mwenye kuogopa benchi, aliketi ndani ya gari bila kujifunga mkaba, ule mkanda wa kiti. Tena mikaba ya kiti cha nyuma aliikata kwa kisu, akaitumia kufungia mizigo juu ya paa. Magodoro yalisafiri yamefungwa, watu hawakufungwa. Nilipomuuliza aliniangalia kwa huruma.

"Mukaba inafunga muntu sawa mbuzi ya kwenda soko, Mama Ngoie. Ku treni, ule mwenye kuruka njo anapona."

Hayo yalikuwa mafundisho ya watu wa reli. Ukiona kugongana kunakuja, unaruka. Alikuwa amewaona waliopona kwa kuruka, na kichwani mwake gari lilikuwa treni ndogo isiyo na adabu ya kufuata njia yake.

Gari lenyewe lilikuwa la familia, aina ya Kijapani, la kubeba baba, mama na watoto. Mwanawe mkubwa aliyeko Lubumbashi ndiye aliyemletea, akasema baba yangu asitembee tena na baiskeli. Siku lilipofika mtaa ulijaa. Mkewe, Mama Shefu, alipiga vigelegele, Banza alilizunguka akiligusa kama mtu asiyeamini. Shefu alikwenda moja kwa moja mbele, akagonga pua ya gari kwa kifundo cha kidole. Ikatoa sauti ya plastiki. Akagonga tena. Akamgeukia mwanawe.

"Hii haiko motokari. Ni beseni."

Uani kwake kulikuwa na vipande vya reli ya zamani. Akamwita mchomeleaji, akakaa naye kutwa nzima, na jioni Beseni lilikuwa na reli mbili nyuma ya ile plastiki ya mbele, zimeunganishwa na mifupa ya gari kwa moto. Pua ikainama kwa uzito, taa zikawa zinaangalia chini kama mtu mwenye aibu. Shefu alipanda juu akarukaruka. Halikutikisika. Nilimwona akitabasamu, na kutabasamu kwake kulikuwa kwa nadra. Mtaa mzima ukasema Shefu ana akili, na wenye magari wengine wakaja kuuliza reli inapatikana wapi.

Mimi nilipiga picha nikamtumia mtoto wa dada yangu aliyeko Lubumbashi, ili acheke tu. Yeye kazi yake ni kunyoosha magari yaliyogongana. Hakucheka. Alinitumia sauti ndefu, halafu video, halafu sauti nyingine. Akasema, mama mdogo, waambie watoe kile chuma leo, si kesho.

Video ilionyesha gari la namna ileile, rangi tu tofauti. Wanalirusha kwa makusudi kwenye ukuta mzito, na ndani wameketisha sanamu za watu, kubwa kwa ndogo, zimefungwa mikaba. Gari linagonga. Pua yote inakunjika kama karatasi, vioo vinamwagika, na pale zilipokaa zile sanamu pamebaki kama palivyo. Mtoto wa dada yangu alieleza kwamba pua imetengenezwa ife. Inapokunjika inakula lile pigo kidogokidogo, na mkaba unamshika mtu asiruke. Ukiweka reli, pua haikunjiki, na pigo lote linakwenda kwa watu. Akaongeza jambo lililonikata maini. Magari haya yanakuja na usukani upande wa kulia, mafundi wanauhamishia kushoto, na katika kuhamisha ule mfuko wa hewa wa kumkinga dereva hutolewa usirudi. Kwa hiyo, alisema, kilichobaki cha kuwaokoa ni pua na mikaba, na nyinyi mmeua vyote.

Niliogopa. Nasema wazi, tangu siku ile niliogopa kila mara niliposikia ile mota ikiwaka ng'ambo ya ua, maana Ngoie alikuwa humo, na mtoto alikuwa humo, amesimama katikati ya viti akishangilia. Ningewezaje kushona? Nilishona mkono wa gauni kwenye shingo, mteja akaondoka akininung'unikia.

Jumapili baada ya misa nilivaa vizuri, nikazunguka kwa barabara, nikaingia kwa mlango kama alivyotaka, nikamwonyesha Shefu ile video. Aliitazama hadi mwisho, simu ameishika mbali na uso.

"Motokari ikikunjika, bantu ba ndani banapona namna gani?" akauliza.

"Pua njo inakufa, Papa Shefu, ju bantu basikufe."

Akanirudishia simu kwa vidole viwili. Alisema sanamu hazina mifupa. Alisema watu wanaovunja gari jipya kwa makusudi hawana la kumfundisha mtu aliyefanya kazi na mashini zenye uzito wa kijiji. Alisema lokomotive ikigonga ng'ombe, nani anakunjika? Kisha akamwomba mkewe aniletee munkoyo, kwa heshima, na hakuniangalia tena. Nilikunywa kinywaji changu nikiwa nimefura kama chura.

Baada ya hapo salamu ya "abiria" ikapita juu ya kichwa changu ikaenda kwa jirani wa tatu. Nilimwambia Ngoie asimpandishe mtoto katika gari lile. Banza akanuna. Ngoie akaja kwangu macho mekundu, akasema mama unaniharibia nyumba, baba mkwe anasema unamwona mjinga, mume wangu anasema unamtukana baba yake, mimi niende wapi? Nikamwambia aende nyumbani kwake, lakini kwa miguu. Hakucheka.

Kilichomgeuza Shefu hakikuwa ulimi wangu. Siku moja kwenye njia ya kwenda Base, kambi ya jeshi, mbuzi alikatiza mbele ya gari, Banza akakanyaga breki kwa nguvu, na Mama Shefu aliyekuwa nyuma akapiga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Hawakugonga kitu. Gari halikuwa na hata alama, mbuzi alikwenda zake, na mwanamke wa watu alirudi na uvimbe wa kutisha na damu kwenye kitambaa. Kesho yake Shefu alikuja barazani kwangu. Hakuketi.

"Nionyeshe zile sanamu tena."

Aliziangalia mpaka simu ikataka kuzimika. Alinitaka niisimamishe pale gari limekwisha kusimama na kichwa cha sanamu bado kinakwenda mbele. Akapeleka kidole karibu na kioo bila kukigusa. Akauliza kama nina mayai. Nikasema sina. Akaenda kuchukua ya mke wake, yale aliyoyaweka yaatamiwe, na Mama Shefu na uvimbe wake akamfuata nyuma akilalamika kwamba sasa Shefu amepoteza akili na kuku atampeleka mahakamani.

Kile alichofanya pale uani watu wa mtaa wetu wanakisimulia mpaka leo, kila mmoja na chumvi yake, lakini mimi nilikuwepo. Alikuwa na kigari cha mbao cha kubebea madumu ya maji, na uwanja wao unateremka hadi kwenye ukuta wa choo. Akakaza kipande cha reli mbele ya kigari, akaweka bakuli juu, yai ndani ya bakuli, akaachia. Kigari kikagonga ukuta. Tofali moja likaanguka, kigari hakikupata chochote, na yai liliruka likapasuka ukutani. Akatoa reli, akafunga kikapu kizee kilichojazwa nyasi kavu. Kikapu kikabonyea, yai likaanguka chini likapasuka. Akaniomba ukanda wa kitambaa, nikachana kwenye mabaki ya kazi yangu. Akarudisha reli, akafunga yai kwa ukanda. Yai halikuruka, lakini tulipofungua lilikuwa limevunjika chini ya kitambaa chenyewe.

Akatoa reli kwa mara ya mwisho, akarudisha kikapu, akafunga yai kwa ukanda, akaachia. Kikapu kilikufa kabisa. Shefu alikwenda mwenyewe, akafungua fundo, akalitoa yai, akalitazama kwenye jua. Halikuwa na ufa. Alilishika hivyo kwa muda mrefu mno, na uso wake haukuwa uso wa mtu aliyeshinda mchezo.

Alinyoosha mkono akanipa lile yai. Tuliketi kwenye kizingiti cha jikoni, mimi na mkewe, na ndipo alipotueleza habari ambayo hata mkewe alikuwa anaijua nusu. Zamani, akiwa bado kazini, lokomotive ilikwenda kugonga mabehewa ya makaa yaliyosimama upande wa Luena. Mashinisti, yaani dereva wa treni, alikuwa rafiki wa Shefu wa kula sahani moja. Shefu alifika kati ya watu wa kwanza.

"Lokomotive haikukunjika ata kidogo," alisema. "Minyi njo nilifungua mulango. Alikuwa amekaa pale chini, hakuna damu, kioo haikupasuka. Amekufa. Tukasema, mashini iko muzima, muntu anakufa na nini?"

Tulijua alikokuwa anakwenda, kwa sababu sote tumekulia hapa. Mtu akifa bila jeraha, anatafutwa aliyemla kwa uchawi. Kwenye kilio ilisemwa kwamba ni mdogo wa yule mashinisti, kwa sababu walikuwa wamegombana muda mfupi kabla. Shefu alikuwa mtu wa kusikilizwa, naye alisimama mbele ya watu akasema macho yake yameona, mashini nzima na mtu maiti, hiyo si ajali. Yule mdogo alihama nyumba za reli, akaenda kuishi Luena, na tangu hapo watu hawakula kwake wala kumpa mkono.

"Ile chuma njo ilimuua," Shefu akasema. "Pigo yote ilienda kwake. Na minyi nilisema ni ndugu yake."

Akalia. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamume wa umri ule akilia bila kufunika uso. Mama Shefu akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Mchomeleaji aliitwa siku ileile akate reli. Banza alinung'unika kwamba gari litakuwa laini, babake akamwambia ndiyo, liwe laini kama kikapu. Wenye magari wengine waliokuwa wameweka reli zao walipewa somo la mayai, wengine wakatoa, wengine wakasema mzee amezeeka. Mikaba ya mbele ilikuwa mizima. Ile ya nyuma aliniletea vipande vilivyokatwa akaniomba niviunge kwa cherehani. Nilikataa. Nikamwambia uzi wangu unashona magauni, haushoni roho za watu. Aliitika mara moja, na hilo lilinishangaza, maana kukubaliana haraka hakukuwa desturi yake. Mtoto wa dada yangu akatafuta Lubumbashi kwa wauza vipande vya magari yaliyokufa, akatuma kwa treni mikaba miwili ya pembeni. Wa katikati hakuupata. Shefu akasema tutangoja, hakuna safari mpaka kila kiti kifunge mtu wake. Nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu gari lile lije.

Halafu ikaja habari kwamba yule mdogo wa mashinisti ni mgonjwa, amekonda, na hali inashuka.

Kwetu, mtu akimharibia mwenzake jina mbele ya watu, haendi peke yake kuomba msamaha. Akienda peke yake hayo ni matembezi. Anakwenda na nyumba yake yote, mke, mtoto, mke wa mtoto, mjukuu, na kuku mweupe na unga, ili yule aliyekosewa aone kwamba ukoo mzima umeinama. Shefu alikuwa amepanga hivyo. Treni haikujulikana itakuja lini. Kwa hiyo gari, na mkaba mmoja haukuwepo.

Asubuhi ile nilikuwa pale kabla hawajapakia. Nilishona mto mnene wa pamba, nikamketisha mjukuu juu yake ili mkaba usimkate shingoni, nikamfunga mwenyewe nikavuta mara mbili. Mama Shefu upande wa pili, nikamfunga na yeye. Mahali pa Shefu siku zote palikuwa mbele, mkono wa kulia wa dereva, na hakuna aliyewaza vingine. Lakini alimfungulia Ngoie ule mlango wa mbele.

Ngoie akarudi nyuma. Mke wa mtoto akae mbele, baba mkwe akae nyuma? Aliangalia chini, akasema hawezi. Shefu akasema kwa sauti ya kazini, ile ya kuondoa treni, kwamba kuna jambo baya zaidi, nalo ni baba mkwe kubanana bega kwa bega na mke wa mwanawe njia nzima ya Luena; je, ndivyo mama yake alivyomfundisha? Akanitazama. Mimi, kwa kuona ametetea adabu, nikamwambia Ngoie apande. Akapanda, akajifunga. Shefu akaingia katikati ya kiti cha nyuma, kati ya mkewe na mjukuu, kofia magotini, kuku miguuni. Pale kwenye reli hakushuka yeye. Alimwamuru Banza ashuke, akapime chuma kwa kiganja.

Luena walifika. Haya nimeambiwa na Ngoie. Yule mgonjwa alitolewa nje akaketishwa kwenye mkeka, majirani wakaitwa, na Shefu akapiga magoti mbele yao wote akaeleza habari ya lokomotive, ya yai na ya kikapu. Mgonjwa alisikiliza amefumba macho. Mwishoni aliomba maji, akanywa nusu, na nusu akampa Shefu kwa mkono wake mwenyewe. Wakala sahani moja. Ngoie anasema hajawahi kumwona baba mkwe akila vile.

Ajali ilikuwa wakati wa kurudi. Lori lilikuwa limekufa kwenye kona, wenyewe wameweka matawi barabarani ya kuonya watu, kama inavyofanywa, na mbuzi wa kijiji cha jirani walikuwa wameyala matawi. Vumbi lilikuwa zito. Banza aliona lori likiwa karibu sana, akakata usukani, gari likatoka barabarani likaenda kugonga kichuguu. Wanaojua Katanga wanajua vichuguu vyetu. Kirefu kuliko nyumba, kigumu kuliko tofali.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Mwenye pikipiki alisimama mbele yangu, vumbi mpaka kwenye kope, akasema gari la Shefu limekwisha, limekunjika lote, hakuna pua. Sikumbuki nilimuuliza nini. Nakumbuka nilimshika shati nikawa simwachii, nikimtaka ataje majina, na yeye akawa anasema hajui majina, mama, hajui, aliona tu gari. Watu walinishika. Tulingoja barabarani. Kila lori lililotokea upande ule nililikimbilia. Sijui kama nilisali au nilitukana.

Walikuja nyuma ya lori la makaa. Ngoie aliteremka kwa miguu yake, mkono ameushika kifuani, mfupa wa bega umevunjika pale mkaba ulipopita. Banza mbavu zilimuuma, akitembea ameinama. Mama Shefu alikuwa mzima, analia tu. Mjukuu alikuwa na mstari mwekundu kifuani kama aliyechorwa, akaniuliza kama kuna sombe. Nilimkumbatia akasema namuumiza.

Shefu alishushwa kwenye mlango uliong'olewa, amelazwa juu yake. Gari liliposimama kwenye kichuguu, yeye alipita kati ya viti viwili vya mbele akaenda kupiga mbele kabisa. Macho yalikuwa wazi. Miguu haikuwa na habari.

Gari lilivutwa likaletwa uani kwao, na nilikwenda kulitazama. Pua ilikuwa imerudi mpaka kwenye kioo, chuma kimejikunja juu ya chuma. Milango ya nyuma ilifunguka kwa mkono mmoja. Viti vilikuwa mahali pake, ule mto wangu wa pamba ulikuwa mahali pake. Watu wa mtaa walisema, mnaona, angeiacha reli yake pale mbele gari lingekuwa zima. Mmoja alinisemea hilo usoni, nikamwambia ndiyo, gari lingekuwa zima, tungeoshea maiti humo. Akaondoka.

Madaktari walifanya walichoweza. Shefu alirudi nyumbani, akawa anatolewa nje kwenye kiti asubuhi na kurudishwa jioni, akikonda, akiuliza habari za treni. Yule wa Luena alitangulia kufa, kwa amani, na Banza alikwenda kwenye kilio kwa niaba ya baba yake.

Kuna neno lilikuwa limenikaa moyoni, nikalibeba zaidi ya mwaka. Siku moja mchana Mama Shefu alikuwa sokoni, Ngoie ndani ananyonyesha mtoto mpya, aliyezaliwa baada ya ajali, nikazunguka kwa barabara, nikaingia kwa mlango, nikavuta kigoda karibu na kiti chake. Nikamwambia kwamba mambo ya bega kwa bega na mke wa mwana niliyaamini siku ile, na sasa siyaamini.

Alikunja na kukunjua pembe ya blanketi.

"Mikaba ilikuwa ine," akasema. "Bantu tulikuwa tano."

Nikamwambia kwa hasira angeweza kungoja. Akasema mgonjwa asingengoja. Nikamwambia angeweza kumwacha mmoja nyumbani. Akasema nyumba inayoinama haiachi mtu mlangoni. Nikakubali, maana ni kweli.

"Weye, Mama Ngoie," akauliza, "ungeacha nani bila mukaba?"

Hakuuliza kwa uchungu. Alitaka kujua. Nilisikia Ngoie ndani akimbembeleza mtoto, nikasikia yule mkubwa akikimbia huko nyuma. Ningeweza kumdanganya mgonjwa, heshima ilinitaka nimdanganye, na yeye angejua.

"Weye, Papa Shefu," nikasema. "Ningeacha weye."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyekaguliwa hesabu yake ikakutwa sawa. "Njo vile," akasema. "Njo vile na minyi niliona."

Nikalia pale mbele yake bila kufunika uso. Hakunibembeleza. Alinyoosha mkono akauweka juu ya wangu, tukakaa hivyo mpaka Mama Shefu aliporudi kutoka sokoni.